Sisti kwenye mfupa wa bega: Usiogope tundu, litazame kano



Wapo ndugu zetu wengi, hasa waliovuka umri wa miaka 50, ambao huumwa bega kwa miezi kadhaa. Wanakandwa, wanapakwa mafuta, wanameza vidonge, na mwisho wanaambiwa wakapige picha. Majibu yanaporudi, imeandikwa kuwa ndani ya kichwa cha mfupa wa bega kuna sisti. Neno hili likifika nyumbani hubadilika. Kwa mama huwa "uvimbe", kwa mjomba huwa "mfupa umeoza", na kwa jirani huwa saratani. Baada ya siku mbili familia nzima imekaa inajadili kukatwa mkono.

Makala haya yanakusudia kuiondoa hofu hiyo, na wakati huohuo kukuzindua kuhusu jambo ambalo ndilo la kuhofiwa kweli, nalo ni kano lililopasuka ambalo hakuna aliyelitazama. Tutaona sisti ni nini, ina uhusiano gani na kano, tiba yake ni ipi, na ni wakati gani hupaswi kusubiri hata wiki moja.

Bega limeumbwaje?

Ili uelewe habari ya sisti, sharti kwanza ulijue bega lenyewe. Nyonga imeumbwa kama mchi ndani ya kinu. Kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya shimo lake na kimeshikwa pande zote. Bega haliko hivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na cha mviringo, lakini mahali kinapokaa kwenye kombe la bega, yaani ule mfupa mpana wa mgongoni, ni padogo na hapana kina. Ni kama chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha kikombe cha kahawa. Hii ni hekima ya Muumba, kwani kama bega lingezama shimoni kama nyonga, usingeweza kuufikisha mkono juu ya kichwa na nyuma ya mgongo kwa wepesi huu unaoujua.

Kinacholizuia chungwa lisianguke ni misuli minne inayotoka kwenye kombe la bega. Kila msuli unaishia kwenye kano, yaani ule utepe mweupe mgumu unaounganisha msuli na mfupa. Makano haya manne hukutana na kukizunguka kichwa cha mfupa wa mkono mbele, juu na nyuma, kama kofia inavyokaa kichwani. Kazi yake ni kukishika kichwa cha mfupa kikae katikati ya kisahani wakati msuli mkubwa wa nje unapouinua mkono. Kofia ikitoboka sana, kichwa cha mfupa huhama na kupanda juu, na mkono hukosa nguvu.

Kano linaloumia zaidi ni lile la juu, ambalo msuli wake huitwa supraspinatasi. Kano hili hupita katika njia nyembamba, chini ya paa la mfupa lililo juu ya bega, kisha hujishikiza kwenye nundu kubwa iliyo upande wa nje wa kichwa cha mfupa wa mkono. Mbele yake kuna nundu ndogo, ambako hujishikiza kano la msuli wa mbele uitwao subskapularisi. Tafadhali zikumbuke nundu hizi mbili, maana tutazirudia.

Sisti ni nini?

Sisti ya mfupa ni tundu ndani ya mfupa, ambalo badala ya kujaa mfupa limejaa majimaji au nyama laini. Sisti nyingi za begani kwa watu wazima ni za milimita chache tu, kiasi cha punje ya mtama au ya mbaazi. Sisti hizi hazina usaha, wala hakuna mdudu anayekula mfupa. Zilizo kubwa huonekana kwenye eksirei, na ndogo huonekana kwenye kipimo cha MRI. Ndiyo maana katika zama hizi ambazo vipimo vya MRI vimeongezeka, watu wengi zaidi wanaambiwa wana sisti. Zamani walikuwa nazo pia, ila hapakuwa na chombo cha kuzionyesha.

Jambo la kwanza la kuuliza kuhusu sisti ya begani ni mahali ilipo, hata kabla ya kuuliza ukubwa wake. Tafiti za picha za MRI zilizochapishwa tangu mwisho wa miaka ya 1990 zimezigawa katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni sisti za nyuma. Upande wa nyuma wa kichwa cha mfupa kuna eneo dogo ambalo halikufunikwa na gegedu wala kano, na lina vijitundu vya kupitisha mishipa ya damu. Sisti za eneo hili ni za kawaida mno. Huonekana kwa vijana na wazee, kwa wenye makano yaliyochanika na kwa wenye makano mazima. Kwa hiyo sisti ya nyuma, ikiwa peke yake, haina habari kubwa ya kutupa.

Kundi la pili ni sisti za mbele na juu, yaani zile zilizo katika nundu mbili tulizozitaja, palepale makano yanapojishikiza. Hizi ndizo zenye uhusiano na kano. Sisti ikikutwa kwenye nundu kubwa, uwezekano wa kuwa kano la supraspinatasi limechakaa au limepasuka huongezeka. Ikikutwa kwenye nundu ndogo, anayetazama picha anapaswa kulichunguza kwa makini kano la subskapularisi.

Hata hivyo, usiligeuze jambo hili kuwa hukumu. Wapo wenye sisti ya mbele na kano lao halijapasuka, na wapo waliopasuka kano bila kuwa na sisti yoyote. Sisti ni ishara ya kumfanya mganga atazame zaidi.

Kwa nini kano likiharibika mfupa hupata tundu?

Wataalamu wanatoa maelezo mawili. La kwanza ni kwamba nyuzi za kano zinapochanika pale zinapoingia mfupani, hubaki mwanya, na yale majimaji ya kiungo ambayo kazi yake ni kulainisha hupenya kupitia mwanya huo na kuingia mfupani. La pili ni kwamba kano lililochakaa halivuti mfupa kwa usawa. Sehemu moja ya mfupa huvutwa kupita kiasi, nyingine haivutwi kabisa. Mfupa huchoka, hupata nyufa ndogo sana, na mwili unapoisafisha sehemu iliyoharibika, hubaki uwazi. Yawezekana mambo yote mawili hufanya kazi pamoja.

Chukua mfano wa nyumba. Ukiona doa la maji kwenye dari, fundi mwenye akili hapaki rangi juu ya doa akaondoka. Hupanda juu kutazama bati. Sisti ya mbele ya bega ni doa la dari, na kano ndilo bati. Anayeshughulika na sisti peke yake amepaka rangi juu ya doa.

Nani hupatwa na tatizo hili?

Elimu ya kupasuka kwa kano la bega si ngeni. Mpasuaji wa Boston, Marekani, aitwaye Ernest Amory Codman, aliandika juu ya kupasuka na kushonwa kwa kano la supraspinatasi mwaka 1911, na mwaka 1934 akatoa kitabu kizima kuhusu bega. Tangu wakati huo imefahamika kuwa sababu kubwa kuliko zote ni umri. Kano huchakaa kidogo kidogo kama kamba ya kisima, uzi mmoja baada ya mwingine, na mara nyingi mwenyewe hana habari.

Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwapima kwa MRI watu 96 ambao mabega yao hayakuwa na malalamiko yoyote. Asilimia 34 walikutwa na mpasuko wa kano, wa sehemu au kamili. Kwa waliozidi umri wa miaka 60, ilikuwa asilimia 54. Ndugu msomaji, hebu izingatie hesabu hiyo. Zaidi ya nusu ya wazee wale walikuwa na kano lililopasuka na hawakuwa wanaumwa! Kwa hiyo kuwa na mpasuko katika picha si sawasawa na kuwa mgonjwa, na maneno ya picha lazima yalinganishwe na hali ya mtu mwenyewe.

Mbali na umri, huongeza hatari kazi za kuinua mikono juu ya mabega mara kwa mara. Fundi rangi anayepaka dari, mkwezi wa minazi, mvuvi anayevuta nyavu, mchukuzi anayepandisha magunia kwenye lori, na mama anayetwanga kila siku, wote mabega yao hulipa. Aidha uvutaji wa sigara hudhoofisha makano na huchelewesha kupona, na kisukari hufanya hivyohivyo. Mwenye kisukari ana hatari nyingine, nayo ni bega kukamaa, ambapo mfuko wa kiungo husinyaa na mkono ukagoma kwenda upande wowote, hata ukiinuliwa na mtu mwingine. Hayo ni maradhi tofauti na kano lililopasuka, na tiba yake ina tofauti.

Dalili zake

Sisti yenyewe, kwa kawaida, haina dalili. Zinazosikika ni dalili za kano.

Maumivu hukaa upande wa nje wa bega na huteremka hadi katikati ya mkono wa juu. Huzidi usiku, hasa ukilalia bega hilo. Huzidi unapoinua mkono kwa upande, na mara nyingi huwa makali mkono unapopita usawa wa bega, kisha hupungua ukifika juu. Kuvaa kanzu, kujifunga kilemba, kusuka nywele, kuanika nguo kwenye kamba na kushusha sufuria kutoka rafu ya juu huwa kazi nzito. Wakati mwingine kuna udhaifu, yaani mkono unainuliwa na mtu mwingine unafika, lakini ukiachiwa hauwezi kujishikilia.

Si kila maumivu ya bega yanatoka begani. Yanayoambatana na ganzi hadi vidoleni huenda yanatoka shingoni. Na maumivu ya bega la kushoto yanayokuja na kubanwa kifua, jasho jingi au kukosa pumzi yanaweza kuwa ya moyo. Huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, asipakwe mafuta ya bega.

Vipimo, na maswali matatu ya kuuliza

Eksirei ni picha ya mifupa. Huonyesha mvunjiko, sisti kubwa, na kichwa cha mfupa kilichopanda juu. Kano lenyewe halionekani. Ultrasaundi huliona kano vizuri ikiwa anayepima ana uzoefu wa bega, na bei yake ni nafuu kuliko MRI. MRI huonyesha yote kwa pamoja, yaani kano, msuli, gegedu na sisti. Hata hivyo, kabla ya kipimo chochote, mganga anapaswa kukuvua nguo ya juu kwa stara, ayatazame mabega yote mawili na kuupima mkono kwa mikono yake. Asilimia kubwa ya jibu hupatikana hapo.

Majibu yakitoka na neno sisti limo, usitoke chumbani kabla hujauliza maswali haya matatu:

1. Sisti iko wapi, nyuma au kwenye nundu linapojishikiza kano?

2. Kano likoje? Zima, limechakaa, limechanika sehemu, au limekatika kabisa?

3. Msuli wake ukoje? Bado una unene wake, au umesinyaa na kugeuka mafuta?

Swali la tatu watu wengi hawalijui, nalo ni muhimu sana. Kano likikatika, msuli hukosa kitu cha kuvuta. Miezi inavyopita husinyaa, na nafasi yake huchukuliwa na mafuta. Mafuta hayo yakishaingia kwa wingi, hata kano likishonwa, msuli haurudii nguvu zake za zamani. Hapo ndipo ilipo hasara ya kweli, na ndiyo maana tunasema tundu mfupani lisituzubaishe tukasahau kano.

Tiba

Sisti ndogo iliyo kwenye nundu haihitaji kutobolewa, kukamuliwa wala kupewa dawa. Huachwa. Kinachotibiwa ni bega la mtu.

Kwa mtu ambaye kano lake limechakaa taratibu kwa umri, bila kuanguka wala kuumia, tiba ya kwanza ni mazoezi, hata kama picha imeonyesha mpasuko kamili. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia watu 452 wa namna hiyo waliopewa mazoezi ya viungo. Baada ya miaka 2, chini ya asilimia 25 ndio waliochagua kufanyiwa upasuaji. Waliobaki waliendelea na maisha yao. Kano halikujishona, ila misuli iliyobaki ilifundishwa kufanya kazi ya mwenzake.

Mazoezi yenyewe ni mepesi na hayana gharama. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akupangie kulingana na hali yako, lakini mengi huanza hivi:

Zoezi la kuning'iniza mkono. Inama, shika meza kwa mkono mzima, uache mkono unaouma uning'inie kama ndoo kisimani, kisha uzungushe duara dogo kwa dakika 1 au 2. Zoezi hili limepewa jina la yuleyule Codman tuliyemtaja.

Zoezi la ukuta. Simama mbele ya ukuta na upandishe vidole taratibu kama buibui, hadi pale maumivu yanapoanza, kisha shuka. Weka alama ya chaki ili uone maendeleo.

Zoezi la fimbo. Lala chali, shika fimbo kwa mikono yote miwili, mkono mzima uusaidie mkono mgonjwa kwenda juu.

Zoezi la mpira. Funga kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kwenye nguzo. Bana kiwiko ubavuni, kiwe kimekunjwa, kisha vuta mpira ukielekeza kiganja nje, mara 10, upumzike na kurudia. Hili ni la kuongeza nguvu, lisianze kabla maumivu makali hayajapungua.

Kanuni ni hii: maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika, lakini yakibaki hadi kesho yake, umezidisha. Fanya kila siku kwa muda wa wiki 6 hadi 12 kabla ya kusema hayakufaa. Wengi huacha wiki ya pili, wakasema mazoezi ni upuuzi.

Ama kuhusu dawa, parasetamoli hutosha kwa baadhi ya watu. Diklofenaki na ndugu zake hupunguza maumivu, lakini zikitumiwa ovyo huchoma tumbo, hupandisha shinikizo la damu na huumiza figo. Usizinunue duka la dawa mwezi baada ya mwezi kwa shauri lako mwenyewe, hasa ukiwa mzee, una vidonda vya tumbo, au una presha. Katika mwezi wa Ramadhani, usizimeze tumbo likiwa tupu kwenye mlango wa futari. Kula kwanza.

Sindano ya steroidi begani huweza kuleta nafuu ya wiki kadhaa, ikampa mgonjwa nafasi ya kufanya mazoezi. Lakini kuirudia mara nyingi hudhoofisha kano lilelile tunalotaka kuliokoa, na kwa mwenye kisukari hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Mwambie mganga ikiwa umeshachomwa sehemu nyingine.

Upasuaji hufikiriwa ikiwa mazoezi ya miezi kadhaa hayakusaidia, au kano limekatika kwa ajali. Kano huvutwa na kufungwa tena mfupani kwa nyuzi na nanga ndogo zinazopigiliwa mfupani. Hapa ndipo sisti inapompa kazi mpasuaji, kwa sababu nanga inataka mfupa imara, na tundu kubwa likiwa mahali pa nanga, nanga huweza kung'oka. Basi huipigilia pembeni, au hulijaza tundu kwa mfupa kwanza. Kwa hiyo ukipelekwa kwa mpasuaji, beba picha zako zote, usibebe karatasi ya majibu peke yake.

Mambo ya kuepuka

Kukandwa taratibu kwa mafuta ya vuguvugu hulegeza misuli iliyokaza, na hakuna ubaya. Ubaya ni kuvutwa na kupindwa kwa nguvu ili "mfupa urudi". Bega lenye kano lililochanika nusu linaweza kuchanika lote kwa mvuto mmoja.

Vilevile usiufunge mkono shingoni kwa wiki nyingi bila kuelekezwa. Kano halitaungana kwa kufungwa, na bega litakamaa. Nao wanaofanya hijama wafahamu kuwa haiungi kano. Anayeitumia kwa nafuu ya maumivu ahakikishe wembe ni mpya na mikono ni safi, na asiifanye badala ya kupimwa.

Bega na ibada

Bega bovu humgusa Muislamu katika mambo yake ya kila siku. Kuinua mikono wakati wa takbira kunauma, kuegemea mikono wakati wa kusujudu kunauma zaidi, na kuufikisha mkono wa kushoto nyuma kwa ajili ya istinja huwa mtihani. Wapo wanaoona haya kulisema hili la mwisho, wakaacha kujitakasa ipasavyo. Hapana haya katika kutafuta tohara. Tumia bomba la maji la mkono au kopo lenye mdomo mrefu, na kama unatumia choo cha kuchuchumaa, weka mahali pa kujishikilia kwa mkono mzima ili usianguke.

Katika swala, inua mkono kadiri unavyoweza, na usiulazimishe kufika sikioni. Anayeshindwa kuegemea mkono wakati wa kwenda sijda atangulize magoti na aegemee mkono mzima. Dini yetu ina wepesi kwa mgonjwa. Imran bin Huswayn (R.A.) alipokuwa na maradhi, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza asali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Muulize sheikh wako kwa yale yanayokuhusu wewe.

Wakati gani usisubiri?

Haya ndiyo maneno ambayo ningependa uyakate na kuyabandika ukutani.

Kwanza, mtu wa miaka 40 na zaidi aliyeanguka, au bega lake likateguka na kurudishwa, kisha hawezi kuinua mkono. Akipigwa eksirei na kuambiwa mfupa ni mzima, asiridhike. Kumbuka eksirei haioneshi kano. Arudi baada ya siku chache, na kama bado mkono hauinuki, aombe ultrasaundi au rufaa. Kano lililokatika kwa ajali hushonwa vizuri zaidi katika wiki za mwanzo, kabla msuli haujasinyaa. Anayekuja baada ya mwaka mzima wa kukandwa huenda akaambiwa muda umepita. Na hata kama picha imeonyesha sisti, ambayo ni dalili kuwa kano lilianza kuchakaa zamani, isitumiwe kumwambia "hayo ni ya uzee tu". Kano chakavu ndilo hukatika kwa urahisi mtu akianguka.

Pili, maumivu ya mfupa yasiyopungua mchana wala usiku, hata ukiwa umetulia, pamoja na homa, kupungua uzito, kutoka jasho usiku, kikohozi cha muda mrefu, au uvimbe unaokua. Kifua kikuu huweza kuingia kwenye kiungo cha bega na kuchimba matundu mfupani, na saratani pia zipo ingawa ni chache. Hali kadhalika mtu aliyewahi kutibiwa saratani mahali pengine. Tundu la mtu huyu si la kuachwa.

Tatu, mtoto. Watoto, hasa kati ya miaka 5 na 15, hupata aina nyingine kabisa ya sisti, kubwa, yenye maji, chini kidogo ya kichwa cha mfupa wa mkono. Haina uhusiano wowote na kano. Si saratani, lakini hulifanya gamba la mfupa kuwa jembamba, na mara nyingi hugunduliwa mtoto anapovunjika mkono kwa kuanguka kidogo au kurusha mpira. Mtoto aliyevunjika hivyo apigwe eksirei na afuatiliwe na daktari wa mifupa, asiishie kwa mfunga mifupa wa mtaani.

Njia ya kufuata ni ya kawaida. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, upate barua ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, na panapohitajika upasuaji utapelekwa hospitali za rufaa, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ya Dar es Salaam.

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yupo mzee ambaye karatasi yake imeandikwa sisti, mtulize kwanza. Kisha muulize maswali mawili: Je, uliwahi kuanguka? Je, unaweza kuuinua mkono mwenyewe? Majibu yake yatakuonyesha kama leo ni siku ya kuanza mazoezi ya ukutani, au ni siku ya kutafuta gari la kwenda hospitali.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atupe nguvu ya kuutunza mwili ambao ni amana yake kwetu.

Wabillahi tawfiq.